Munganga Burkitt, aliyeuliza watu wanakula nini

Safari hii ukurasa wa maisha ya watu unamleta munganga mmoja wa Ireland, Denis Burkitt. Wengi wanalijua jina lake kupitia ugonjwa. Ile kansa inayovimbisha taya za watoto inaitwa mpaka leo limfoma ya Burkitt, na katika hospitali zetu huku mashariki waganga wanaiandika hivyo hivyo. Lakini sisi tunataka kusimulia zaidi kazi yake ya pili, ile ya tumbo na utumbo, juu hiyo ndiyo inayofika mpaka kwenye sufuria zetu. Tunaomba radhi mapema: habari hii haiwezi kusimuliwa bila kutaja choo mara nyingi. Burkitt mwenyewe hakuona haya. Alikuwa akisimama mbele ya maprofesa waliovaa tai na kuwaonyesha picha za choo kwenye ukuta, kubwa kabisa, moja baada ya nyingine.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Aliwafunga pete ndogo miguuni ndege wadogo wa bustani yake, akachora ramani kuonyesha kila mmoja anakaa wapi na mpaka wake unaishia wapi. Watu wa sayansi ya ndege wanamtaja hata leo kwa kazi hiyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mtoto aliona nyumbani kwamba mtu asiye na maabara, mwenye penseli na karatasi tu, anaweza kujua kitu ambacho wenye vyeo hawakijui. Ramani zitarudi katika habari hii.

Alipokuwa na miaka 11 watoto walirushiana mawe, miwani yake ikavunjika, na jicho la kulia likapotea. Aliishi na jicho moja maisha yake yote. Alianza chuo huko Dublin akisoma uhandisi kama baba, kisha akabadili na kusoma uganga, akamaliza mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata cheti cha upasuaji huko Edinburgh. Alikuwa Mkristo wa kusali sana na alijiona ameitwa kufanya kazi Afrika. Alipoomba kazi ya uganga katika makoloni ya Waingereza, wakamkataa: mtu wa jicho moja, eti, hafai. Basi vita ikaja, jeshi likamchukua bila kuuliza sana juu ya jicho, na ni jeshi lililomleta Kenya na Somalia. Akiwa huku alipata nafasi ya kuiona Uganda. Vita ilipoisha aliomba tena, na mwaka 1946 wakampeleka Lira, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikuwa karibu peke yake kwa watu wengi mno. Pamoja na hayo aliona jambo moja dogo. Wanaume wenye mabusha walikuwa wengi sana upande mmoja wa wilaya, na upande mwingine walikuwa wachache. Wilaya ni ile ile, kabila ni lile lile. Munganga mwingine angepasua tu na kuendelea. Yeye aliwapima wanaume wa kila upande, akahesabu, akaandika katika gazeti la waganga huko Uingereza. Sababu ilieleweka baadaye: mabusha yale yanaletwa na minyoo inayosafirishwa na mbu, na mbu hao hawakai kila mahali. Hapo tayari mmeona namna yake yote ya kufanya kazi. Anauliza ugonjwa uko wapi na wapi haupo, halafu anauliza kwa nini.

Mwaka 1948 alihamia Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, munganga Hugh Trowell, alimwita wodini aone mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake zilivimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, lakini hakujua la kufanya. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatazama nje ya dirisha, akamwona mtoto mwingine na mama yake, uso umevimba namna ile ile. Alitoka nje mbio. Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili ni ugonjwa wenye kanuni. Alirudi kwenye kaye za hospitali, akapekua majina, akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni, kwenye figo, ini au ovari, na kwamba vitu ambavyo waganga waliviandika kama magonjwa mbalimbali vilikuwa ugonjwa mmoja.

Sasa alitaka kujua ugonjwa huo unakaa wapi Afrika. Serikali ilimpa paundi 25. Kwa pesa hizo alichapisha karatasi zenye picha ya mtoto mgonjwa na maswali machache, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni, zaidi ya elfu moja. Majibu yalirudi, naye akachoma pini kwenye ramani. Pini zilifanya mkanda unaokata bara katikati, na kuteremka upande wa mashariki mpaka Msumbiji.

Ili ajue mkanda unaishia wapi hasa, Oktoba 1961 alipanda gari kuukuu aina ya Ford pamoja na waganga wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walikwenda mpaka Afrika Kusini na kurudi, wiki kumi, maili 10,000, ni kama kilomita 16,000, wakasimama katika hospitali zaidi ya hamsini. Williams huyo alifanya kazi Kuluva, karibu na Arua, hatua chache tu kutoka mpaka wa Congo, ng'ambo ya Aru. Alijua kutengeneza gari, na alikuwa mtu wa kuandika kila mgonjwa katika rejista bila kuchoka. Rejista zake za Kuluva zilitumiwa na wataalamu kwa miaka mingi baadaye. Safari ile iliwaonyesha kwamba ugonjwa haupendi milima na baridi. Kwenye nyanda za juu za Kenya, na za Rwanda na Burundi, ulikuwa nadra. Kwenye mabonde ya joto na mvua ulikuwepo. Ni mahali pa malaria kali.

Mengine tunayapita haraka. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mazungumzo London, na kijana mmoja wa maabara, Anthony Epstein, alimsikia na kuomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, waliona ndani yake virusi, vya kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Leo tunajua kwamba virusi hivyo na malaria vinasaidiana kuleta kansa ile. Na kwa kuwa Kampala haikuwa na mashine za kuchoma kansa kwa miale, Burkitt alijaribu dawa, akaona watoto wengine wanapona kabisa. Mtu mwingine angekaa hapo na kula heshima yake mpaka uzeeni.

Lakini mwaka 1966 alirudi Uingereza, akiwa na miaka 55, upasuaji ameuacha, na ofisi ndogo ya Baraza la Utafiti wa Uganga huko London. Mwaka uliofuata alikutana na mzee wa jeshi la majini, munganga Peter Cleave. Cleave alikuwa akiandika kwa miaka mingi kwamba Wazungu wanaugua kwa sababu wameharibu chakula chao: unga umekobolewa mpaka ukawa mweupe, miwa imesafishwa mpaka ikabaki sukari tupu. Wakati wa vita Cleave aliingiza magunia ya pumba za ngano ndani ya meli kubwa ya kivita, akawalisha mabaharia waliofunga choo, nao wakafunguka. Wenzake walimcheka. Waganga wakubwa hawakumsikiliza, pengine juu hakuwa na namba za kutosha, pengine juu mtu anayezungumzia pumba haonekani mtu wa maana.

Burkitt alimsikiliza. Na hapa ndipo tunapomwona alivyo. Alipomsikia Cleave akitaja magonjwa ya Wazungu, alirudisha mawazo Mulago. Apandisiti? Huko kwao Ireland na Uingereza vijana walipasuliwa apandisiti kila siku. Katika karibu miaka ishirini ya Uganda aliiona kwa nadra kwa watu wa vijijini. Bawasiri, ambayo wengine wetu huiita emoroidi? Nadra. Mawe ya nyongo? Karibu hayapo. Kansa ya utumbo mpana, ambayo Ulaya ilikuwa inaua wengi? Nadra. Vile vifuko vidogo vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana wa wazee wa Ulaya, vinaoza na kuuma, vinaitwa divertikula? Hivyo alikuwa hajaviona kwa Waafrika. Alikuwa amekaa juu ya jibu miaka yote na hakuwa ameuliza swali.

Akafanya vile alivyozoea. Alikuwa bado na anwani za hospitali ndogo, zaidi nyingi za misheni, wale wale waliomjibu juu ya taya. Akaandika karatasi fupi ya maswali, akaituma kila mwezi kwenye hospitali kama 150, Afrika na pengine Asia: mwezi huu mmepasua apandisiti ngapi? Mmeona wangapi wenye bawasiri, wenye mawe ya nyongo, wenye kansa ya utumbo? Hakuuliza maswali marefu, kwa sababu alijua munganga wa porini ana usiku mmoja tu wa kujibu barua, tena kwa taa ya mafuta. Tunapenda sana jambo hili. Wataalamu wengi waliokuja kwetu na maswali ya kurasa kumi na tano wangejifunza kitu hapo.

Majibu yalifanana. Vijijini magonjwa yale yalikuwa machache. Mijini, kwa watu waliokwisha anza kula mikate myeupe na sukari, yalianza kutokea. Je, si damu tu, si kabila? Burkitt alijibu kwa kuwatazama Wamarekani weusi. Babu zao walitoka Afrika, lakini wao walikula chakula cha Marekani, nao waliugua kansa ya utumbo sawa na Wamarekani weupe. Basi ni kitu wanachokula, au wasichokula.

Cleave alilaumu sukari kuliko vyote. Burkitt aligeuza macho akatazama kile kilichoondolewa: maganda, pumba, nyuzinyuzi za majani na maharagwe, ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuyeyusha. Vitabu vya lishe vya siku zile viliihesabu kama takataka, kitu kinachopita bila faida. Waganga wa Ulaya hata waliwakataza wagonjwa wa utumbo wasile nyuzinyuzi, eti utumbo upumzike. Mpasuaji mmoja wa London, Neil Painter, aligeuza amri hiyo, akawapa wagonjwa wake wa divertikula pumba, na wengi wao wakapata nafuu.

Burkitt na Painter waliungana na Alec Walker wa Johannesburg, mtu aliyekuwa akichunguza vyakula na matumbo ya Waafrika tangu zamani. Walifanya jaribio ambalo mtoto wa shule anaweza kulielewa. Waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye picha ya eksirei, wavimeze pamoja na chakula, halafu wakakusanya choo chao, wakakipima uzito na kuhesabu saa mpaka vidonge vitoke. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza, watu wa jeshi la majini na wake zao, walitoa gramu mia na kidogo tu, na chakula kilikaa ndani siku tatu na zaidi. Mara nne ya uzito, nusu ya muda! Hata wasiopenda maneno haya ya choo lazima wasimame hapo kidogo.

Namna inavyofanya kazi si siri. Nyuzinyuzi zinashika maji kama sifongo, choo kinakuwa kikubwa na laini, utumbo unakisukuma bila nguvu. Zikikosekana, choo kinakuwa kidogo na kigumu kama mavi ya mbuzi, mtu anajikaza, na mkazo ule unasukuma ukuta wa utumbo na mishipa ya damu ya nyuma. Kuna jambo lingine ambalo lilieleweka vizuri zaidi baada yake: vijidudu vyema vya utumbo mpana vinakula nyuzinyuzi na kutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Takataka ile, kumbe, ilikuwa chakula cha mtu mwingine ndani yetu.

Hapa lazima tuseme pia alipokosea au alipokwenda mbio mno. Burkitt alipenda wazo lake. Alilitumia kueleza bawasiri, mishipa ya miguu iliyovimba, henia, kisukari, moyo, karibu kila kitu. Mishipa ya miguu, kwa mfano, haikuthibitika. Wakosoaji walimwambia pia jambo zito: namba zake zilitoka kwenye rejista za hospitali, na hospitali inahesabu tu wale waliofika. Mzee mwenye kansa ya utumbo anayekufa nyumbani, kilomita arobaini kutoka barabarani, hamwoni mtu. Tena watu wa vijijini hawakuzeeka wengi, na kansa hii inapenda wazee. Alijibu kwamba apandisiti haisubiri uzee, inashika vijana, na inawaleta hospitalini kwa maumivu au inaua wazi. Jibu hilo lina nguvu kwa apandisiti. Kwa kansa lina nguvu kidogo tu. Sisi tunaojua vituo vyetu vya afya, ambapo kaye ya wagonjwa wakati mwingine inakatika miezi mitatu juu hakuna kalamu au juu ya vita, tunaona wakosoaji hawakusema uongo. Lakini tunaona pia kwamba bila wale walioandika, hata kidogo, Burkitt asingekuwa na kitu cha kuuliza.

Kuna mtu mmoja katika habari hii hatutaki apotee, naye ni Hugh Trowell, yule aliyemwita wodini mwaka 1957. Kabla ya hapo Trowell alitumia miaka mingi Mulago akihangaika na kwashiorkor: watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ini limejaa mafuta. Siku za mwanzo waganga wengi walidhani ni minyoo au homa. Trowell alikuwa mmoja wa wale waliosimama na kusema ni chakula. Mtoto ameachishwa ziwa, amepewa uji mtupu, hana kitu cha kujenga mwili. Mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Alipostaafu Uingereza akawa padre wa Anglikana, halafu Burkitt akamrudisha kwenye sayansi, wakaandika pamoja. Ni Trowell aliyewapa wataalamu maana ya nyuzinyuzi za chakula waliyoanza kuitumia mwaka 1972.

Kwa hiyo mtu yule yule aliyewaona watoto wa Uganda wakifa kwa chakula kisichotosha ndiye aliyesifu chakula cha wazazi wao. Si kujipinga. Chakula cha kijijini kilikuwa kizuri kwa utumbo wa mtu mzima anayeshiba, na kilikuwa kibaya kwa mtoto asiyepata maharagwe, maziwa, samaki au karanga juu yake. Tunayasema haya kwa wafadhili wetu hasa. Anayesoma Burkitt vibaya anaweza kufikiri kwamba maskini wa Afrika wako sawa na mihogo yao na waachwe hivyo. Hapana. Kuku wa kijiji hana shida ya pumba, lakini haishi kwa pumba tu.

Sasa tuje kwenye mashini, maana ndiyo iliyofanya komite ichague maisha ya munganga huyu. Wanachama wetu waliokaa Lugufu na Nyarugusu, Tanzania, walirudi na maneno mawili: dona na sembe. Dona ni unga wa mahindi yaliyosagwa yote na ganda lake. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa kwanza, unga mweupe kama karatasi. Sote tunajua sembe inavyopendwa. Ni unga wa wageni, wa harusi, wa mtu aliyefanikiwa. Sokoni bei yake ni nzuri zaidi, na haiharibiki haraka kama dona. Kikundi cha akina mama wanaosaga wanaomba shirika linunue mashini ya kukoboa. Wana haki: wanatafuta franka za shule. Wengine wanasema pesa ya wafadhili isitumike kuondoa chakula ndani ya chakula. Mjadala bado uko kwenye meza.

Burkitt angesimama upande gani, hilo halina kitendawili. Lakini tuongeze mambo mawili. La kwanza, pumba zikitoka kwenye mashini zinakwenda wapi? Kwa nguruwe na kuku, ndiyo, na hilo pia ni faida kwa mama anayefuga. La pili, nyumba inayokula sombe, lengalenga na maharagwe kila siku inapata nyuzinyuzi hata kama bugali ni mweupe. Hatari inakuja pale ambapo unga mweupe, mandazi, chai ya sukari nyingi na mafuta vinakuwa chakula chote, na majani yanaonekana ni aibu ya maskini. Hali hiyo tunaanza kuiona kwa jamaa waliohamia mijini. Ugali wa mihogo, kwa wale wa Fizi na Uvira wanaotuuliza, nao hauna nyuzinyuzi nyingi kama dona. Ni mboga yake inayouokoa.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa tumeulizwa: kufunga choo kwa siku chache ni jambo la kula majani na maharagwe na kunywa maji safi ya kutosha. Lakini damu kwenye choo, maumivu makali ya tumbo upande wa kulia chini, macho kuwa manjano, au kukonda bila sababu, hayo si ya kutibiwa kwa pumba. Ni ya kituo cha afya, siku hiyo hiyo. Na kuharisha maji matupu kama maji ya mchele, hiyo ni habari ya kipindupindu na ya kukimbia.

Burkitt alipewa heshima nyingi. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akapata tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya limfoma. Mwaka 1979 alitoa kitabu chepesi kwa watu wa kawaida juu ya nyuzinyuzi, kikauzwa sana. Waingereza wakaanza kununua mkate wa kahawia na pumba kwenye boksi, kitu ambacho miaka kumi kabla walikuwa wakiwapa farasi. Pamoja na mke wake Olive, aliyemwoa wakati wa vita, alikuwa na mabinti watatu. Aliendelea kusafiri na kuhubiri, kanisani na vyuoni, akiwa na zile picha zake za choo. Alikufa tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, miaka 82.

Baada ya kifo chake ubishi haukuisha. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba watu waliowahi kuota vinyama kwenye utumbo hawakuzuiwa kuota vingine kwa kuongezewa nyuzinyuzi kwa miaka michache, na magazeti yakasema Burkitt amekwisha. Mwaka 2003 uchunguzi wa nchi kumi za Ulaya, wenye watu zaidi ya nusu milioni, ukaonyesha kinyume: waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na kansa ya utumbo kidogo zaidi kuliko waliokula chache.

Halafu mwaka 2015 likatoka jaribio ambalo yeye angelifurahia kuliko yote. Munganga Stephen O'Keefe na wenzake waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili. Wamarekani walikula maharagwe, mahindi na mboga, nyuzinyuzi kama gramu 55 kwa siku. Wale wa vijijini walipewa nyama ya kukaanga, viazi vya mafuta na unga mweupe. Wiki mbili tu. Waganga walipotazama ndani ya utumbo, dalili zinazohusiana na hatari ya kansa zilikuwa zimeshuka kwa Wamarekani, na kwa watu wa kijijini zilikuwa zimepanda.